Safari ya Rafiki Watano katika Milima ya Nepal

Kaskazini ya Bara Hindi iko nchi ya Nepal. Mtu akitaka kuielewa, na afikiri mkeka uliotandikwa juu ya ngazi. Upande wa kusini umelala chini, katika nchi tambarare yenye joto, mpunga na mbu. Upande wa kaskazini umetupwa juu ya milima ya Himalaya, penye barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Katikati ni vilima juu ya vilima, na mabonde kati yake, na mito iendayo mbio. Msafiri aweza kuanza safari yake penye migomba, akaenda kwa miguu majuma mawili, akafika mahali pasipoota hata jani moja.

Nchi hiyo ilikaa muda mrefu imefungwa. Mwaka 1846 watu wa ukoo uitwao Rana walishika madaraka, wakarithishana cheo cha waziri mkuu kati yao wenyewe, na mfalme akawa kama picha ukutani: anaonekana, lakini hasemi. Hao Warana waliona jinsi Waingereza walivyoimeza Bara Hindi kipande baada ya kipande, wakaogopa kumezwa nao, wakafunga mlango. Mjumbe wa Waingereza aliruhusiwa kukaa Kathmandu, mji mkuu, lakini hakuruhusiwa kutembea apendapo. Na mwenye nyumba akifunga mlango kwa hofu ya mwizi, hana budi kumfungia na mgeni mwema pamoja naye.

Mwaka 1947 Waingereza waliondoka Bara Hindi, na mlango wa Nepal ukaanza kufunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1949 wageni wachache walipewa ruhusa kuingia milimani. Mwaka 1950 Wafaransa wakafika, na tarehe 3 Juni wawili wao wakapanda kilele cha Annapurna, chenye urefu wa futi 26,545. Lakini nchi ya Khumbu, iliyo chini ya mlima Everest upande wa kusini, wakaapo watu waitwao Washerpa, haikuwa imefikiwa na Mzungu yeyote kwa kadiri ijulikanavyo.

Basi katika mwaka huo huo wa 1950 wakili mmoja wa mji wa New York katika Marekani, jina lake Oscar Houston, aliomba ruhusa kwenda Khumbu. Umri wake ulikuwa umepita miaka sitini. Hakuwa mpandaji milima mwenye sifa, wala hakuomba kupanda Everest au kilele kingine chochote. Aliomba kutembea tu. Alitaka kwenda kwa miguu pamoja na mwanawe na rafiki, kuona watu na milima, kisha kurudi nyumbani kazini kwake. Ruhusa ambayo wengi wenye majina makubwa wangaliitamani akapewa yeye, mzee aliyetaka matembezi.

Mwanawe aliitwa Charles, naye alikuwa daktari. Huyu milima aliijua. Mwaka 1936, alipokuwa kijana wa miaka 23, alikwenda Bara Hindi pamoja na Waingereza na Wamarekani wenziwe kuupanda mlima Nanda Devi, wenye futi 25,643. Baada ya taabu nyingi Charles na mwenziwe mmoja walichaguliwa kwenda kileleni. Usiku ule wakafungua kopo la nyama. Nyama ilikuwa imeharibika, na Charles akaugua vibaya, hata hakuweza kwenda mbele. Mahali pake pakachukuliwa na Mwingereza mmoja, jina lake H. W. Tilman, na tarehe 29 Agosti Tilman na yule mwingine wakasimama juu ya kilele. Ulikuwa mlima mrefu kupita yote iliyokuwa imepandwa na binadamu hata siku ile, na ukakaa na sifa hiyo miaka kumi na minne.

Wengi wetu tungalimwonea uchungu mtu aliyetwaa nafasi yetu, hata kama kosa ni la kopo la nyama. Charles hakufanya hivyo. Aliendelea kuwa rafiki wa Tilman, na miaka kumi na minne baadaye, baba yake alipokutana na Tilman katika mji wa Kathmandu, mzee akamwalika Mwingereza huyo aje pamoja nao Khumbu.

Tilman huyu yafaa kuelezwa kidogo, maana alama za miguu yake zilipita na kwetu Afrika ya Mashariki. Alipigana katika vita vya 1914–1918 angali kijana, kisha akaja Kenya mwaka 1919, akapewa shamba, akakaa huko miaka mingi akilima kahawa. Mwaka 1930 yeye na mkulima mwenziwe, Eric Shipton, walipanda Kilimanjaro, na katika mwaka uo huo wakapanda mlima Kenya kwa njia ya ukingo wa magharibi, njia ngumu sana. Mwaka 1933 aliondoka Uganda juu ya baiskeli, akaikata Afrika peke yake mpaka pwani ya magharibi, akila ndizi na chakula alichokipata njiani. Mwaka 1938 aliongoza safari ya Waingereza waliojaribu kuupanda Everest kwa upande wa Tibet, wasifaulu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mizigo mingi hakuipenda, na kuwa na mwanamke safarini hakukuzoea kabisa.

Na katika safari hii mwanamke alikuwapo. Aliitwa Betsy Cowles, Mmarekani kutoka Colorado, mpandaji hodari aliyekuwa amepanda milima mingi ya kwao na ya Ulaya. Wa tano alikuwa Anderson Bakewell, Mmarekani aliyekuwa akisomea upadre huko huko Bara Hindi. Tilman alipoambiwa kwamba katika kundi yumo mwanamke, moyo wake ulisitasita, na yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo baadaye. Lakini njia ni mwalimu. Hazikupita siku nyingi akaona ya kuwa mama huyu hulala pale pale walalapo wengine, na hucheka wakati wengine wamenuna, basi wakawa rafiki, na urafiki wao haukuishia safarini.

Walikutana mwishoni mwa Oktoba mahali paitwapo Jogbani, mwisho wa reli, katika mpaka wa Bara Hindi na Nepal. Kutoka hapo walichukuliwa na motokaa kupita Biratnagar mpaka Dharan, chini ya vilima vya kwanza. Hapo barabara ikaisha. Mbele ilikuwa njia ya miguu, na mizigo ikapata wapagazi.

Wapagazi wa Nepal hawachukui mzigo kichwani kama watu wa pwani yetu, wala begani. Hutia mzigo katika kapu kubwa lililo pana juu na jembamba chini, wakapitisha ukanda chini ya kapu na kuuweka juu ya paji la uso, na uzito wote huvutwa na shingo. Mtu aliyewaona wanawake wa Kikuyu wakichukua kuni atafahamu mara moja. Mkononi hushika fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T, na wakichoka hawatui mzigo chini. Huusimamisha juu ya fimbo ile, wakapumzika wima, wakipiga mluzi wa pumzi. Kando ya njia, mahali penye mti wa kivuli, watu wema wa zamani walijenga kwa mawe kiti kirefu ambacho kimo chake ni sawa na kimo cha kapu mgongoni, ili mpagazi aegemeze mzigo wake bila kuinama. Katika nchi nyingine matajiri hujenga sanamu zao wenyewe.

Vitabu vingi vya safari huhifadhi majina ya waliotangulia mbele wakiwa na darubini, na majina ya waliofuata nyuma wakiwa na mizigo hupotea. Katika safari hii pia mambo yalikuwa hivyo. Twajua habari za rafiki watano. Wapagazi wao twajua tu kwamba walikuwako, kwa kuwa mizigo ilifika.

Kutoka Dharan walipanda, wakashuka, wakapanda tena mpaka Dhankuta, mji mdogo juu ya mgongo wa kilima. Kisha wakashuka katika bonde la mto Arun. Huu ni mto wa ajabu. Hutoka Tibet, nyuma ya Himalaya, ukaikata milima ile mirefu kama kisu, ukatokea upande wa kusini. Na bonde lake huko ni la chini sana, lenye joto, ingawa ukiinua macho waona theluji. Baada ya Arun waligeuka kwenda magharibi, na hapo ndipo miguu yao ilipojua Nepal ni nini. Maana mito yote huteremka kusini, na mtu aendaye magharibi hana budi kuikata yote: kupanda mgongo wa mlima nusu ya siku, kushuka bondeni nusu ya siku, kuvuka mto, kisha kuanza upya.

Pande zote za vilima hivyo zimelimwa. Watu wamechonga udongo kama ngazi, ngazi mia, ngazi mia mbili, moja juu ya nyingine, kila moja imekingwa kwa ukuta mdogo ili mvua isiuchukue udongo. Chini hupanda mpunga, na juu zaidi, pasipofika maji, hupanda ulezi. Naam, ulezi ule ule wa kwetu. Wataalamu wa mimea husema kwamba ulezi ulilimwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, toka Ethiopia mpaka Uganda, ukasafiri zamani sana kuvuka bahari mpaka Bara Hindi, ukapanda mpaka milima ya Nepal. Watu wa huko huula kama sima, na pombe pia huitengeneza kwa ulezi, kama wafanyavyo Wachaga. Mbegu ndogo namna ile ilitangulia kufika Himalaya kabla ya msafiri yeyote wa vitabuni.

Wakati rafiki hao walipokuwa wakihesabu vilima, mambo makubwa yalikuwa yakitendeka nyuma yao na mbele yao. Mbele, katika Tibet, majeshi ya Wachina yalikuwa yameingia katika mwezi wa Oktoba, na kwa ajili hiyo njia ya kwenda Everest kwa upande wa kaskazini, iliyotumiwa tangu mwaka 1921, ilikuwa imefungwa. Nyuma, katika Kathmandu, tarehe 6 Novemba mfalme Tribhuvan alitoka katika jumba lake pamoja na jamaa zake kana kwamba anakwenda kuwinda. Njiani motokaa zikageuka ghafula, zikaingia katika lango la ubalozi wa Bara Hindi, na mfalme akawa salama mbali na Warana. Mjukuu wake mmoja, mtoto wa miaka mitatu, aliachwa nyuma. Warana wakamchukua, wakamvika taji. Mapigano yakaanza katika sehemu nyingi, na Biratnagar, mji ule walioupita kwa motokaa, ulikuwa miongoni mwa hizo. Katika Februari 1951 mfalme alirudi, na enzi ya Warana ikakoma. Mtoto yule aliyevikwa taji kubwa kuliko kichwa chake aliitwa Gyanendra. Alitawala tena alipokuwa mtu mzima, naye ndiye aliyekuwa mfalme wa mwisho wa Nepal, hata ufalme ulipoondolewa mwaka 2008.

Lakini huko vilimani hapakuwa na simu wala gazeti. Rafiki watano walivuka mgongo wa mwisho, wakashuka katika bonde la mto Dudh Kosi, maana yake Mto wa Maziwa, kwa jinsi maji yake yalivyo meupe kwa povu na kwa unga wa mawe uliosagwa na barafu. Wakaufuata kwenda kaskazini. Migomba ilikuwa imekwisha zamani. Sasa ilikuwa misonobari na baridi. Katikati ya Novemba walipanda kilima kirefu, wakaingia Namche Bazar.

Namche ni kijiji cha Washerpa kilichojengwa ndani ya kishimo cha mlima kama mayai katika kiota, kwa urefu wa futi 11,300 hivi. Nyumba zake zina orofa mbili: chini hukaa wanyama, juu hukaa watu, na joto la wanyama huwasaidia watu. Washerpa asili yao ni Tibet ya mashariki, na walihamia huko yapata miaka mia tano iliyopita. Walikuwa wachungaji na wafanya biashara. Walifuga yaki, ambaye ni ng'ombe mwenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi; wakavuka nao kipito cha Nangpa La, chenye urefu unaozidi futi 18,700, wakaleta chumvi kutoka Tibet, wakaibadili kwa nafaka za watu wa chini. Chakula chao kikubwa kilikuwa viazi vya Ulaya, na unga wa shayiri iliyokaangwa, na chai iliyotiwa siagi na chumvi. Mgeni akinywa chai hiyo mara ya kwanza husema ni mchuzi. Basi na aihesabu kuwa mchuzi, ataifurahia.

Watu walitoka majumbani kuwatazama wageni. Haikuwa kwamba Washerpa hawakuwajua Wazungu. Wengi wao walikuwa wamekwenda Darjeeling kutafuta kazi, wakawachukulia Waingereza mizigo katika kila safari ya Everest. Waliwajua Wazungu kazini. Lakini hawakupata kuwaona mlangoni pao, wakiomba kuni na mahali pa kulala. Safari hii mgeni ndiye aliyekuwa mhitaji.

Kutoka Namche walikwenda mpaka Tengboche. Hapo ipo nyumba ya watawa wa dini ya Buddha, iliyojengwa mwaka 1916 juu ya uwanda mdogo kwa urefu wa futi 12,700 hivi. Tetemeko la mwaka 1934 liliibomoa, nayo ikajengwa upya. Mtu akisimama uwanjani humwona Ama Dablam, mlima mzuri kupita kiasi, umenyosha mabega yake mawili kama mama atakaye kumpokea mtoto. Na mbele, juu ya ukuta mrefu wa mawe na barafu, huchungulia kilele cha Everest, cheusi, na upepo ukikipeperushia theluji kama moshi. Njiani zimejengwa kuta za mawe yaliyochorwa maneno ya sala, na desturi ni kuzipita zikiwa upande wa mkono wa kuume. Wageni walifuata desturi hiyo. Watawa waliwapokea vizuri, na baragumu ndefu zilisikika katika baridi ya asubuhi. Wote watano waliona kwamba wamefika mahali ambapo mtu husema kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Oscar Houston hakuwa na haja ya kwenda mbele zaidi. Alikuwa amepata alilolitaka. Lakini Charles na Tilman walikuwa wapandaji, na mpandaji akiambiwa kwamba nyuma ya kona iko Everest ambayo hakuna aliyeitazama kwa upande huo karibu, hawezi kuketi uwanjani akinywa chai. Wakawaacha wenziwao watatu, wakachukua Washerpa na posho kidogo, wakaufuata mto wa barafu wa Khumbu.

Mto wa barafu ni barafu hasa, nene, ishukayo bondeni polepole mno, imebeba mawe mgongoni. Wawili hao walitaka kujibu swali moja: je, Everest unaweza kupandwa kwa upande wa kusini? Wakapanda kilima cheusi kando ya mto ule, mpaka urefu wa futi 18,000 hivi. Walihema sana. Tilman alikuwa na umri wa miaka 52, na wote wawili hawakuwa wamekaa juu siku za kutosha hata miili yao izoee hewa nyembamba. Wakatazama.

Waliyoyaona hayakuwapa moyo. Bega kubwa la mlima Nuptse lilikuwa limesimama mbele ya macho yao, likaficha bonde la ndani ambalo njia ingepita, na kipito cha kusini hawakukiona. Upande wa Everest waliouona ulikuwa mkali kama ukuta. Maporomoko ya barafu yaliyotoka bondeni mle yalikuwa ya kutisha. Kupanda juu zaidi wapate kuona zaidi hawakuweza, kwa kuwa nguvu na siku zilikuwa zimekwisha. Wakashuka, na waliporudi kwao walisema waliyoyaona: kwamba njia ya kusini haina matumaini makubwa.

Nao walikosea. Mwaka uliofuata, 1951, Eric Shipton, yule mkulima wa Kenya, alikuja na wenziwe, akiwamo Edmund Hillary wa New Zealand. Wakapanda mbavu za mlima Pumori, juu kuliko walipofika Charles na Tilman, mpaka karibu futi 20,000. Na kutoka hapo bega la Nuptse halikuweza tena kuficha siri. Wakaiona njia yote: maporomoko, bonde la ndani, mteremko wa Lhotse, kipito cha kusini. Tarehe 29 Mei 1953 Hillary na Tenzing Norgay wakaifuata mpaka kileleni, futi 29,032 juu ya bahari kwa kipimo kilichotangazwa mwaka 2020. Tenzing alilelewa katika Thame, kijiji kisicho mbali na Namche. Alikuwa mmoja wa Washerpa waliokwenda na Tilman mwaka 1938 kuchukua mizigo. Jina la mpagazi mmoja, basi, halikupotea.

Je, Charles na Tilman walipaswa kuona haya? Hapana. Walikwenda kwa matembezi, wakapanda mlima kwa siku zilizobaki, wakatoa habari kwa kadiri ya macho yao. Jambo lililowatia huzuni halikuwa kosa hilo. Walipokuwa wakiondoka Khumbu walijua kwamba wao ni wa kwanza, na kwamba aliye wa kwanza hufuatwa. Nchi waliyoikuta ikiishi kwa viazi, chumvi na sala isingekaa hivyo.

Wageni wakaja kweli. Mwaka 1959 mambo ya Tibet yalipozidi kuharibika, biashara ya chumvi ilififia, na Washerpa wengi wakategemea zaidi kazi ya wageni. Mwaka 1964 kiwanja cha ndege kilitengenezwa Lukla. Mwaka 1965 watu wakaanza kuletwa kwa makundi, wakilipa fedha ili watembee tu, kama Oscar Houston alivyotaka. Misitu ikakatwa kwa ajili ya kuni za wageni, hata mwaka 1976 serikali ikaifanya Khumbu kuwa hifadhi. Nyumba ya watawa ya Tengboche iliwekewa umeme, na mwaka 1989 umeme ukaiteketeza. Ikajengwa tena, ikafunguliwa mwaka 1993.

Lakini hesabu ya mambo hayo si ya upande mmoja. Hillary alipowauliza Washerpa wataka nini, walimwambia wataka shule. Mwaka 1961 ikajengwa katika kijiji cha Khumjung, na mwaka 1966 hospitali katika Khunde, jirani yake. Watoto wa wapagazi wakawa walimu, madaktari, marubani. Mtu aliyekaa mbali asiseme upesi kwamba ingalikuwa heri Khumbu ikae imefungwa. Na waulizwe kwanza wanawake ambao watoto wao walizaliwa salama hospitalini.

Oscar Houston alirudi New York kwa kesi zake. Tilman aliona ya kwamba umri wake umepita wa milima mirefu, akageukia bahari, akasafiri kwa mashua yenye matanga kila upande wa dunia, hata mwaka 1977 chombo alichopanda kikapotea katika bahari ya Atlantiki ya kusini pamoja na watu wote waliokuwamo. Charles Houston aliishi mpaka mwaka 2009. Kuhema kwake juu ya kilima kile hakukusahau. Alichunguza muda wa miaka mingi jinsi mwili unavyofanya kazi mahali penye hewa nyembamba, na mwaka 1960 aliandika katika jarida la madaktari ya kwamba mtu mzima wa afya akipanda juu upesi mno aweza kujaa maji mapafuni, akafa, na ya kwamba si homa ya mapafu kama ilivyodhaniwa. Dawa iliyo bora ni kumshusha mara moja.

Rafiki wale watano walikuwa wameichukua dawa ya kuzuia bila kujua, maana walitembea majuma mawili kutoka joto la chini, na vilima viliwapandisha na kuwashusha kidogo kidogo. Siku hizi karibu wageni wote huruka kwa ndege kutoka chini mpaka Lukla, zaidi ya futi 9,000, kwa muda usiofika saa moja. Bonde la Arun hawalioni, wala ulezi, wala viti vya mawe vya wapagazi. Wakifika huwa na haraka, kwa kuwa ruhusa ya kazini ni majuma mawili na picha za kilele wameahidi nyumbani. Wakiisha kufika Namche huambiwa wakae siku mbili kabla ya kwenda mbele. Wengi hununa. Hutembea huku na huku kijijini wakitazama saa, na kiongozi wao Msherpa huketi juani ukutani, akamimina chai, akawangoja.